Mmisionari wa Funguo na Ndoo

Naomba nianze kwa kusema kwamba mimi ni muuza vifaa vya ujenzi. Nina duka dogo mjini Tanga, na humo nimezoea kuhesabu mabati, kupima nondo na kubishana na mafundi wanaotaka saruji kwa mkopo mpaka nyumba ihamiwe. Sijasomea uchungaji, sijawahi kuota ndoto yenye malaika, na kipaji pekee ambacho kanisa limewahi kukigundua kwangu ni kwamba ninamiliki ngazi ndefu. Kwa hiyo, Jumapili ile mchungaji alipotangaza kwamba wamisionari wetu wa kambi ya vijana ya mwezi Juni wamekwisha kupatikana, niligeuka nyuma kama waumini wengine ili niwaone watu hao wa Mungu wanafananaje. Mke wangu akanifinya. Waliokuwa wakipigiwa makofi ni sisi.

Nilipomuuliza Mama Neema ni lini tulikubali jambo hilo, alinikumbusha kwamba wiki mbili kabla, nikiwa ninachambua miiba ya samaki, aliniuliza kama ingekuwa vibaya tukiwasaidia vijana kidogo, nami nikaguna. Kumbe katika nyumba yetu mguno ni sahihi yenye muhuri.

Mchungaji naye alijua kufunga mlango. Alitusimulia habari za Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga muda mfupi baada ya kufika, na bado mwaka 1848 akapanda milima ya Usambara mpaka kwa mfalme Kimweri kule Vuga kuomba ruhusa ya kufundisha. Baada ya historia ya namna hiyo, mwanamume hawezi kusimama mbele ya kusanyiko na kusema kwamba Juni ndio mwezi anaopokea mzigo wa mabati. Nilinyamaza. Hata hivyo, ninapenda iandikwe mahali fulani kwamba Krapf, pamoja na taabu zake zote, hakukabidhiwa vijana 92 na kishada cha funguo 14 zisizo na alama.

Katika kikao cha maandalizi ndipo nilipoanza kuuelewa utume wetu. Mwenyekiti alikuwa na kazi yake, mhazini alikuwa na yake, mwalimu wa neno alikuwa na masomo yake, na kiongozi wa sifa alikuwa na kinanda chake ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Kila kazi iliyobaki bila mwenyewe, kuanzia vyoo, kuni, maji, taa na malaria mpaka mtoto wa mzee fulani wa kanisa ambaye hali maharage, ilipelekwa kwenye safu moja ya karatasi iliyoandikwa juu yake "Wamisionari". Safu hiyo iliendelea hadi ukurasa wa pili.

Safari ya kwenda Lushoto si mbaya mpaka ufike Mombo. Kutoka hapo barabara inaiacha nchi tambarare na kuanza kujizungusha mlimani kwa kilomita 33 hivi, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, na vijana wetu wa pwani, ambao mlima waliouzoea ni ngazi za shule, walianza kutapika kabla hatujafika nusu ya njia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, na mimi ninaunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, lakini serikali haikumfikiria mtu aliyeketi karibu na kijana wa kidato cha pili aliyekula mihogo ya nazi kabla ya safari. Kofia yangu ilikwenda hivyo. Ilikuwa zawadi ya Krismasi.

Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni baridi yake haina utani. Barua ya maandalizi iliagiza wazi kwamba kila kijana aje na sweta na blanketi zito. Wengi walikuja na shuka moja, pafyumu na miwani ya jua. Usiku wa kwanza nilipita bwenini nikiwa na tochi, nikakuta vijana wamelala watatu watatu kama samaki kwenye tenga, mmoja amevaa soksi mikononi, na mwingine, Mungu amsamehe, amejifunika bango la kambi lenye maandishi "Inuka Uangaze". Asubuhi tukalitafuta bango kwa nusu saa. Blanketi langu mwenyewe sikulitafuta, kwa kuwa nilimwona Mama Neema akiligawa.

Sasa nije kwenye simu, maana hapo ndipo nilipozeeka. Kamati iliamua kwamba simu zote zikusanywe siku ya kwanza ili vijana wapate utulivu wa kiroho, na ikaamua vilevile kwamba zitatunzwa chumbani kwa wamisionari. Nilikabidhiwa simu 71 ndani ya sufuria ya kupikia wali. Hakuna aliyewaambia vijana wazizime. Saa tisa usiku mojawapo ilianza kulia kengele ya kumwamsha mwenyewe ajisomee, na kwa kuwa ilikuwa chini kabisa na sufuria ni ya bati, mlio wake ulitoka kama treni ya mizigo inayoingia stesheni. Nilipoipata na kuinyamazisha, ikaamka ya pili. Saa kumi ziliamka nane kwa pamoja, na moja wapo ilikuwa ikiwika kama jogoo, hata majogoo halisi ya jirani yakaanza kuijibu. Kuanzia saa kumi na mbili wazazi nao wakaanza kupiga. Niliokota simu moja baada ya nyingine, zote zikiwa na neno "Mama" kwenye kioo, na kila nilipopokea nilikutana na mama wa watu akishtuka kusikia sauti nzito ya mwanamume kwenye simu ya binti yake alfajiri. Nilijitambulisha kuwa mimi ni mmisionari. Mmoja alinijibu kwamba hata yule aliyemwoa mdogo wake alijitambulisha hivyohivyo.

Mama Neema alilala usingizi mzuri wiki nzima. Yeye alihamia bweni la wasichana siku ya kwanza, akidai kwamba utume wake uko kule.

Jikoni tulikuwa na akina mama wawili wa kijijini, mabingwa hasa, pamoja na zamu ya vijana kumi kila siku. Kuni zilikuwa mbichi. Ninaamini kwamba aliyetuuzia aliukata mti ule asubuhi ileile, kwani tulipotia moto ulitoa maji na moshi, na uji wa saa moja ulikuwa tayari saa nne, ukiwa na harufu ya nyama iliyobanikwa ingawa nyama yenyewe ilikuwa imepangwa siku ya Jumatano tu. Vijana wa zamu walisonga ugali kwa namna ambayo mimi, kwa uzoefu wa dukani, ningeiita zege isiyotiwa maji ya kutosha. Kabichi zilikuwepo kwa wingi, maana Lushoto ni nchi ya mbogamboga, nasi tulikula kabichi mchana, kabichi usiku, na siku moja kabichi ndani ya makande, jambo lililomfanya mtoto wa yule mzee wa kanisa akubali kula maharage kwa hiari yake. Ninauhesabu huo kuwa wongofu wangu wa kwanza.

Tatizo langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa hesabu. Daftari lilisema vijana 92. Siku ya kwanza wakati wa chakula cha jioni niliwahesabu nikapata 94. Nikarudia, nikapata 91, kwa sababu watatu walikuwa wameinama chini ya meza wakitafuta kijiko. Nikarudia tena, nikapata 94. Mtu anayehesabu misumari kwa riziki hawezi kulala na hesabu ya namna hiyo. Mama Neema alicheka, akasema kwamba kosa langu ni kuhesabu vichwa kana kwamba ni ng'ombe wa mnada, na kwamba mtu mwenye adabu huita majina. Akaita majina, yote 92 yakaitika, naye akafunga daftari kwa ushindi. Nilipomwonyesha kwamba wasioitwa ni vijana wawili waliokaa pembeni wakila ugali wetu kwa utulivu mkubwa, alisema, "Baba Neema, hao ni wageni. Imeandikwa tuwakaribishe."

Walikuwa vijana wa kijiji cha jirani, mtu na binamu yake, wenye umri wa miaka kumi na tisa hivi. Nilikusudia kuwaondoa kwa heshima. Kabla sijafanya hivyo, mmoja alikwenda jikoni, akazipanga kuni zetu mbichi kwa namna anayoijua mwenyewe, na moto ukawaka kama wa Eliya. Wa pili alichukua ngoma iliyokuwa imelala pembeni, akaipiga wakati wa mapambio hata kiongozi wa sifa akazima kinanda chake kwa aibu. Tangu hapo walikuja kila jioni, na hesabu yangu ikawa 94 kila jioni, nami nikajifunza kutoa mbili.

Kuhusu maadili nitasema kifupi, kwa sababu wazazi wanaweza kuwa wanasoma. Tulikuwa na ratiba ya maombi ya faragha saa mbili usiku, na nilishangaa jinsi vijana walivyoipenda. Usiku wa tatu nilipita na tochi kwenye migomba nyuma ya bwalo, nikamkuta kijana wa kiume na binti mmoja wameketi kwenye gogo wakiwa wamefumba macho. Nilipouliza wanafanya nini, kijana alijibu bila kutikisika kwamba wanaliombea taifa, na kwamba Mathayo sura ya 18 inasema walipo wawili au watatu Bwana yupo katikati yao. Nikamwambia kwamba ninawaona wawili tu, je, huyo wa tatu yuko wapi? Akafumbua jicho moja, akasema, "Shikamoo, mmisionari. Ndiwe uliyefika." Nilikaa katikati yao tukaliombea taifa kwa dakika arobaini, pamoja na nchi jirani, na magoti yangu bado yananidai.

Vilevile kulikuwa na kisanduku cha maswali ya siri, ambacho mwalimu wa neno alinikabidhi ghafla alipopatwa na mafua. Nilitarajia maswali juu ya Utatu Mtakatifu. La kwanza liliuliza kama ni dhambi kumwambia msichana kwamba umeoteshwa kuwa ni mke wako, hasa kama umewaambia watatu. La pili liliuliza kwa nini mmisionari anakoroma. La tatu lilikuwa la mtu aliyetaka kujua bei ya bati la geji 30, na hilo ndilo nililojibu kwa ufasaha kuliko yote.

Siku ya tano tuliwapeleka Irente, kwenye lile jabali maarufu ambapo ardhi inakatika ghafla na mtu anaziona nyika za Mazinde na Mombo zimetandazwa chini kama mkeka. Watu husema kwamba mandhari yale huutuliza moyo. Mimi sikuyaona. Nilikuwa nimeyapa mgongo, mikono nimeitanua kama kipa, nikihesabu vichwa 94 vilivyokuwa vikijipiga picha kwa simu ambazo, kwa mujibu wa kumbukumbu zangu, zilikuwa ndani ya sufuria.

Siku ya sita, wasichana wawili walichukuliwa na mjomba wao anayeishi Lushoto mjini, naye akatia sahihi kwenye daftari. Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka tulipaswa kuwa 90. Mama Neema aliita majina kwenye mabasi yote mawili, majina 90 yakaitika, dereva akapiga honi tukateremka. Tulipofika Mombo vijana walishuka kununua maji na kujinyoosha, na walipopanda tena mimi nikawahesabu kwa desturi yangu ya mnadani. Nikapata 92. Nilifurahi kwa kiasi ambacho siwezi kukieleza, maana kwa mara ya kwanza katika siku saba hesabu yangu ilikuwa sawa na ya daftari, na nikamtangazia mke wangu mbele ya basi zima. Akaniangalia kwa huruma, akanikumbusha habari za mjomba.

Tulirudi nyuma kiti kwa kiti. Kwenye kiti cha mwisho kabisa, nyuma ya masufuria, walikuwa wameketi mpiga ngoma na mwasha moto, wamevaa mashati ya Jumapili, wamepakata kapu la mapeasi. Walinipa shikamoo. Walieleza kwa adabu kwamba hawajawahi kuiona bahari, na kwamba majina yao hayakuitwa, hivyo hawakuona sababu ya kuitika. Nilimtazama Mama Neema na daftari lake la majina, naye akatazama dirishani, akavutiwa sana na kituo cha mafuta.

Nikaomba namba ya simu ya nyumbani kwao, nikampigia bibi yao nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kwa kuondoka na wajukuu wa watu. Bibi hakushtuka hata kidogo. Alisema kwamba walimuaga tangu jana, na kwamba aliwaruhusu kwa sababu waliosafiri nao ni wamisionari. Kisha akauliza kama mmisionari mwenyewe ndiye anayezungumza, na nilipokiri, akaniagiza nguru wawili wa kukaanga, wakubwa, wasiwe wa jana.

Wamelala sebuleni kwangu siku ya nne leo. Mmoja amepanga upya rafu zote za dukani, na yule mwingine anapigia mabati ya geji 30 kama ngoma, jambo ambalo, nasikitika kusema, linaleta wateja.