Laga katika mji usio na baridi

Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, Albrecht wa Tano, alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa bia za kiangazi zilikuwa zikiharibika. Watu wakapika wakati wa baridi na kuziweka bia zao mapangoni pamoja na barafu. Mle ndimo hamira inayostahimili baridi ilimostawi, na laga, yaani bia inayochachushwa na kulazwa baridini, ikapata jina lake kutokana na neno la Kijerumani la kuweka akiba. Kama amri ile ingefuata joto badala ya tarehe, Malindi pasingepikwa bia hata siku moja ya mwaka.

Nalikumbuka hilo kila nikisikia watu wakisema kwamba mji wetu ungepaswa kuwa na kiwanda chake kidogo cha laga badala ya kungoja malori ya Nairobi. Najua kuna wenzetu wengi ambao kwao mjadala huu unaishia kwenye neno haramu. Msikiti wa Juma na nguzo za makaburi yake vilikuwepo kabla ya hoteli ya kwanza, na kiwanda cha bia hakina ruhusa ya kimaadili kujisogeza mlangoni mwao. Ninayoyasema hapa yanawahusu wanaokunywa tayari.

Mvuto wa laga iliyopikwa vizuri naukubali kwa moyo wote. Ni nyepesi, kavu, haiachi utamu mdomoni, na ukiinywa na samaki wa kuchoma au pweza inausafisha ulimi bila kuufunika mchuzi. Bia nyingi za viwanda vikubwa huongezewa sukari au nafaka nyepesi, kisha huchujwa na kupashwa moto ili zidumu dukani. Mpishi mdogo anaweza kutumia kimea cha shayiri kitupu, akaongeza hopsi kidogo, yale maua yanayoipa bia uchungu, akaiacha bia bila kuipasha moto, na harufu ya mkate mpya ikabaki ndani ya glasi. Lakini bia isiyopashwa moto haipendi safari. Kutoka Nairobi hadi hapa ni kilomita 600 hivi, kupitia Tsavo na joto lake lote, na kila saa ambayo pipa limekaa juani linachakaa. Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kupikia hapahapa.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo pazito. Bia za aina ya eli huchachuka kwenye nyuzijoto 20 hivi na zinaweza kunyweka ndani ya wiki mbili au tatu. Laga huchachuka polepole kwenye nyuzi 8 hadi 13, halafu hulazwa karibu na sifuri kwa wiki nne, sita, hata zaidi. Katika wiki hizo hamira hutuama, harufu ya kiberiti hutoweka, na ladha ile ya siagi inayoharibu bia changa huliwa na hamira yenyewe. Kwa kuwa laga haina matunda wala viungo vya kufunika makosa, kasoro ndogo huonekana kama doa kwenye kanzu nyeupe.

Mpishi wa Munich, mji mkuu wa Bavaria, hufungua bomba akapata maji baridi ya kupoza uji wa kimea unaotoka jikoni ukichemka. Maji ya bomba ya Malindi ni vuguvugu. Yatakufikisha nyuzi 30 na kitu, na kutoka hapo hadi 10 ni mashine tupu. Kwa tangi la lita 1,000 hilo peke yake ni zaidi ya kilowati-saa 20 za joto la kuondoa, kabla hujaanza wiki sita za kulilinda tangi lisipate joto la nje usiku na mchana. Stima ikipotea nusu siku, eli itakusamehe. Laga iliyo katikati ya uchachu haisamehi. Mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipotengeneza mashine za kupoza kwa ajili ya viwanda vya bia vya Ujerumani katika miaka ya 1870, aliiwezesha laga kupikwa popote duniani, ila kila mahali kwa bei yake. Yapo mawazo ya kugandisha barafu mchana kwa sola na kuitumia usiku. Yanafaa, lakini huo ni mtaji mwingine.

Kuna pia maji yenyewe. Laga ya dhahabu ya Plzeň, mji wa Ucheki, iliyopikwa mara ya kwanza mwaka 1842, ilitokana na maji laini sana. Visima vyetu vinapita kwenye mawe ya matumbawe; maji yake ni magumu, na karibu na bahari yana chumvi. Hopsi kwenye maji kama hayo hutoa uchungu unaokwaruza. Lakini Munich nayo ilikuwa na maji yenye chokaa, na watu wake wakapika laga nyeusi, kwa sababu kimea kilichokaangwa kina uchachu unaoutuliza ukali wa maji. Mtu akiniuliza aanze na ipi Malindi, nitamwambia aache ya dhahabu ambayo kila mtu anaijua, apike nyeusi. Chumvi bado atalazimika kuichuja.

Wapo wanaosema bia safi ya hapa itawaokoa vijana na pombe haramu. Siamini. Senator Keg, bia ya pipa iliyoanza mwaka 2004 na baadaye kupikwa kwa mtama, iliwafikia wanywaji wa chang'aa kwa sababu moja: nafuu ya kodi iliishusha bei. Serikali ilipoipunguza nafuu hiyo mwaka 2013 mauzo yaliporomoka, na mwaka 2015 ikairudisha kwa sehemu kubwa. Laga ya kulazwa wiki sita haiwezi kushuka hadi bei hiyo, na anayeahidi hivyo anadanganya.

Linaloniuma zaidi ni mgema. Mnazi hauhitaji stima, hamira ya dukani wala shayiri ya Narok. Mgema hupanda asubuhi na jioni, tembo linachachuka lenyewe ndani ya saa chache, na pesa inabaki kijijini siku ileile. Pesa ya laga huenda Narok kwa shayiri na Ulaya kwa hopsi. Hoteli inayoweka laga ya hapa kaunta na kumfukuza mgema getini haijaipandisha Malindi hadhi yoyote.

Hata hivyo kama yupo mwenye mtaji na subira, sitamzuia. Aweke tangi chache, auze palepale kwa glasi, asiipakie kwenye lori. Na ahesabu msimu. Bia ya Krismasi lazima iingie tangini mapema Novemba, wakati hajui kama wageni watakuja. Ile ya mwisho wa Machi itakuwa tayari katikati ya Mei, mvua za masika zikiwa zimewafunga wavuvi na hoteli nyingi zimefunga milango, na mashine italazimika kunguruma usiku kucha ikipoza lita 1,000 zisizo na wanywaji.