Mtafiti Anapohamia Chumba cha Habari

Mtu aliyesomea utafiti hadi shahada ya uzamili au uzamivu, kisha akaiacha maabara ili aandike habari za sayansi, kwetu huhesabiwa kuwa ameshindwa. Wazazi huuliza masomo yote yale yalikuwa ya nini. Walimu wake, wanaojua jinsi watafiti walivyo wachache, huona mche waliomwagilia umehamishiwa shamba la mtu mwingine. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, lakini yanatokana na dhana kwamba mwandishi wa sayansi hurahisisha tu maneno magumu, kazi ambayo yeyote mwenye kalamu nzuri angeiweza.

Tuipime dhana hiyo kwa chanjo ya malaria ya RTS,S. Majaribio yake makubwa yalianza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, na yakahusisha watoto 15,459. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2015: watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, waliugua malaria mara chache kwa asilimia 36 kuliko wenzao wasiopewa chanjo hiyo, katika kipindi cha takriban miaka minne. Msomaji anayekutana na "ufanisi wa asilimia 36" bila maelezo ni rahisi adhani kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa kabisa na 64 hawakupata chochote, au kwamba chanjo imefeli, maana kila aliyepita shuleni anajua alama 36 ni alama za namna gani.

Katika matokeo hayo hayo kulikuwa na namba nyingine, ambayo nimeirudia mara nyingi kwa sababu naona ndiyo iliyostahili kichwa cha habari: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, homa za malaria 1,774 ziliepushwa. Watoto elfu moja waliepukaje homa zaidi ya elfu moja na mia saba? Ni kwa kuwa penye malaria nyingi mtoto haugui mara moja. Huugua masika akapona, akaugua tena vuli, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Asilimia 36 ilihesabu mara za kuugua, haikuhesabu vichwa vya watoto. Namba moja inaonekana haba na nyingine inaonekana haiwezekani, ilhali zote mbili zimetoka kwa watoto wale wale, na kila homa iliyoepushwa ni usiku ambao mama hakukesha na nauli ya zahanati iliyobaki nyumbani. Tena nguvu ya chanjo hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita, na ndiyo sababu ya dozi ya nne; kwa hiyo ile takriban nusu iliyotangazwa mwaka 2011, baada ya miezi 12 ya kwanza, haipingani na asilimia 36 ya miaka minne.

Aliyewahi kuhangaika na data zake mwenyewe huuliza bila kukumbushwa: asilimia ya nini, ikilinganishwa na kina nani, kwa muda gani? Hatoki maabara na ujuzi wa kila sayansi, kwani aliyesomea mbu hana la pekee la kusema kuhusu mahindi. Hutoka na mazoea ya kuishuku namba, hasa ile inayompendeza. Habari zetu nyingi zinazoanza kwa "utafiti umebaini" hazisemi hata kama waliochunguzwa ni watu au panya.

Upande wa pili, unaosema mwandishi wa sayansi si lazima atoke maabara, nao una ushahidi mzito. Mwaka 1998 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyochunguza watoto 12 tu, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Wanasayansi waliipinga kwa hoja za mbinu. Aliyefichua kwamba Wakefield alilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo ni Brian Deer, mwandishi wa habari asiyetoka maabara, na Lancet ikaifuta makala hiyo mwaka 2010. Mtafiti aliyegeuka mwandishi hubeba heshima kwa walimu wake, na heshima hiyo huweza kumzuia kumuuliza profesa nani amelipia kazi yake.

Kwa hiyo siungi mkono wazo kwamba shahada pekee inatosha. Ningetaka mtafiti akae kwanza na mwandishi wa habari za mahakama, ajifunze kufuata nyaraka na fedha. Lakini kanuni za Tanzania chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, zinazomtaka mwandishi awe na angalau stashahada ya uandishi wa habari au fani ya karibu, hazikumfikiria mtu wa namna hii. Mafunzo mafupi chini ya mhariri mkali yangemfaa zaidi kuliko kuanza darasa upya.

Chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Mama anayempeleka mtoto kliniki anataka kujua kama bado amlaze ndani ya chandarua. Jibu ni ndiyo, na sababu yake imo ndani ya ile ile asilimia 36: homa nyingi zimeondoka, na nyingi zaidi zimebaki.