Andiko unalomsomea mwenzio

Mkristo wa Bagamoyo hahitaji kufungua Biblia ili akutane na andiko. Zaburi 23 imeandikwa nyuma ya bajaji, Wafilipi 4:13 iko kwenye fulana ya kwaya, na kila alfajiri simu inaleta Yeremia 29:11 yenye picha ya maua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Wapo walimu wa Neno wanaokereka na mtindo huu. Wanasema mistari inanyofolewa, na wana hoja. Barua ile Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, ambao hauingii kwenye picha ya maua, unataja miaka 70. Wengi wa waliosomewa wangezikwa ugenini. Wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie amani mji wa waliowateka. (Mkataba wa awali wa kujenga bandari ya Mbegani, hapa Bagamoyo, ulitiwa saini mwaka 2013. Ahadi inayochelewa tunaijua hapa.) Paulo naye aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na kabla tu ya kusema anayaweza mambo yote, alisema amejifunza kushiba na kuona njaa pia.

Upande wa pili nao una nguvu. Anayemuuguza mtoto wodini hana nafasi ya sura nzima. Yesu mwenyewe msalabani, kwa Mathayo, alilia kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi 22, yakatosha. Kumwambia mfiwa arudi kwanza kwenye historia ya Babeli ni ukatili wenye elimu.

Lakini mabishano hayo yanapita pembeni ya pale panapouma. Mimi naona swali zito ni nani anamsomea nani.

Chukua mkaanga samaki aliyeingia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Rejesho linadaiwa, samaki hawajatoka, na wakopeshaji wanatishia kubeba kitanda. Akijisomea usiku Mathayo 6:25, "Msisumbukie maisha yenu", huenda akapata usingizi. Akisomewa mstari huohuo kwenye jumuiya na mtu ambaye debe lake la unga limejaa, huo si ufariji tena, ni namna ya kumnyamazisha. Yakobo aliliona hilo mapema: ukimwambia aliye uchi na njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, usimpe kitu, yafaa nini?

Kwenye msamaha pananiudhi zaidi. Mwanamke anapigwa na mumewe, anakwenda kwa wazee wa kanisa, anajibiwa kwa Mathayo 18:22, saba mara sabini. Sura hiyohiyo, mstari wa 15, inaanza kwa kumwonya mkosaji; asiposikia waitwe mashahidi; akikaidi, kanisa liambiwe. Mzee anayerukia mstari wa 22 amemwondolea mume sehemu yake yote na kumbebesha mke. Maneno ni ya Yesu, mpangilio ni wa mzee.

Rafiki zake Ayubu, ambaye majirani zetu Waislamu nao humtaja kwa subira, walianza vizuri: siku saba walikaa naye chini bila neno. Walipofungua vinywa walisema mengi ambayo yangepita kwenye mahubiri yoyote, naye akawaita wafariji wenye kutaabisha. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao.

Kuna hatari upande wangu pia. Kama kila mtu ajisomee mwenyewe tu, nani atamkemea mwenzie? Nabii Nathani hakusubiri mfalme Daudi ajitafakari, alimwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Tofauti ni kwamba Nathani alisema na mfalme aliyekuwa amekwisha kumuua Uria, na shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa ya nabii.

Mji huu una sababu ya kulipima jambo hili. Misafara ya watumwa iliishia hapa pwani, na wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walianzisha makazi ya waliokombolewa. "Enyi watumwa, watiini" iko Waefeso 6:5, na bwana anayependa kuusoma mstari huo hana haraka ya kufika wa 9, unaomkataza yeye kutisha. Filemoni ni kisa kigumu zaidi. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrejesha mtumwa aliyetoroka. Paulo akamrudisha Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Hata hivyo hakumtwisha Filemoni maneno matupu: kama kuna deni, aliandika kwa mkono wake kwamba yeye atalipa. Hapo namheshimu Paulo, ingawa aliyetakiwa kurudi mlangoni kwa bwana wake alikuwa Onesimo.