Askari mlangoni: jicho halitii mkufunzi

Askari wanne wamejipanga ukutani kando ya mlango, kila mmoja ameweka mkono begani kwa aliye mbele yake. Mlango ukivunjwa, wa kwanza anakata kushoto hadi kona, wa pili kulia, wawili waliobaki wanajaza katikati. Ndani ya sekunde chache hakuna sehemu ya chumba isiyotazamwa na bunduki. Polisi wengi wa Marekani wamefundishwa hivyo tangu enzi za SWAT, vikosi maalumu vya polisi vilivyoanzia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1960, na ukichora mishale hiyo ubaoni inapendeza kweli.

Kasoro huanzia kwa yule wa kwanza. Mweke mkufunzi katikati ya chumba, ajifanye mhalifu, ashike bastola ya risasi za rangi. Kanuni inamtaka askari ampe ubavu mtu huyo mwenye bastola, akakague kona ambayo pengine haina hata kiti, akiamini kwamba mwenzake wa nyuma atammudu. Mwili haukubali. Shingo inageukia bastola, miguu inagoma pale pale kizingitini, na wa nyuma wanamparamia mgongoni. Sasa wote wanne wamebanana mlangoni, mahali ambapo wakufunzi hupaita faneli ya mauti. Unaweza kumfokea kijana huyo kwamba hakushika somo, lakini ni jicho hilo hilo la kukimbilia hatari lililowavusha mababu zake porini.

Ndiyo maana wapo wanaotetea mwendo wa polepole: ubaki nje, ukimege chumba kwa macho kipande kwa kipande kwa kusogea hatua ndogo ndogo mlangoni, uone sehemu kubwa ya chumba kabla mguu haujavuka. Ukikuta bunduki, unarudi nyuma ya ukuta. Hapo silika na kanuni vinakwenda pamoja. (Ukuta wenyewe nao una lake. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa kwa fremu za mbao na mabamba ya jasi, na risasi hupita humo kama kwenye boksi.) Watafiti wa ALERRT, kituo cha mafunzo ya polisi katika Chuo Kikuu cha Texas State, waliwahi kupima kasi ya askari aliyekwisha kumlenga mshukiwa na mshukiwa anayeamua ghafla kufyatua. Wote wawili walichukua chini kidogo ya sekunde 0.4. Yaani hata ukiwa tayari umelenga, anayeanza anakutangulia au mnafyatua pamoja.

Upande wa haraka nao hauna hoja ya kupuuza, kwa sababu aliye ndani pia ana mwili, na kishindo humduwaza. Mei 5, 1980, makomandoo wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, walivamia ubalozi wa Iran mjini London kuokoa mateka walioshikiliwa na watu wenye silaha. Dakika 17 baadaye kazi ilikuwa imekwisha. Mateka mmoja aliuawa wakati wa uvamizi, 19 wakatoka hai. Ila hao ni wanajeshi ambao kuingia vyumbani ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku. Askari wa doria anayefanya zoezi hilo mara chache kwa mwaka hawezi kudaiwa shingo yenye utii ule.

Halafu lipo shambulio la shule ya msingi ya Uvalde, Texas, Mei 24, 2022, ambalo watetezi wa polepole hawapendi kukumbushwa. Askari wa kwanza walifika karibu na darasa mapema kabisa, wakapigwa risasi kutoka ndani, wakarudi nyuma. Kisha wakangoja. Waliofika eneo hilo walikuwa 376, na zilipita dakika 77 kabla muuaji hajakabiliwa. Wanafunzi 19 na walimu wawili walikufa. Mbinu ya subira iligeuka jina la heshima la kuogopa. Kwetu Garissa, Aprili 2015, shambulio la Al-Shabaab chuoni lilianza alfajiri, Recce, kikosi maalumu cha polisi, kikafika mchana, na watu 148 waliuawa. Pale kilichokosekana zaidi ni usafiri na amri. Lakini saa zilizopotea huhesabika vile vile.

Kwangu, swali la kwanza ni nani anakufa ukisubiri. Mjini Louisville, Machi 2020, polisi walivunja mlango wa Breonna Taylor usiku wa manane wakitafuta ushahidi wa dawa za kulevya. Mpenzi wake, aliyesema alidhani wamevamiwa, alifyatua risasi moja. Wao wakajibu kwa 32, na Breonna akafa. Minneapolis, Februari 2022, Amir Locke wa miaka 22, ambaye hata jina lake halikuwa kwenye hati ya upekuzi, alikuwa amelala kwenye sofa na bastola karibu yake. Alipigwa risasi sekunde zisizofika 10 tangu askari waingie. Hapakuwa na mtoto wa kuokolewa ndani ya nyumba zile. Haraka ilikuwa ya nini?

Ningekuwa mkufunzi, ningeacha bunduki darasani kwa asubuhi moja. Ningemlaza mtu kwenye sofa, nimfunike blanketi, nisiwaambie wanafunzi kama ana silaha au hana, kisha niwaache waingie wakipiga kelele, na mchana niwape zamu ya kulala wao.