Mashine ya kupima chembe sahani isije Mtwara kabla ya wachangiaji

Kwenye grupu letu la ukoo, kila nikisimulia hospitali za huku, binamu yangu wa Mikindani hakosi kuandika: "Damu ya Wazungu safi, mashine inapima kila kitu." Leo namjibu kwa kirefu, maana nusu ya anachosema ni kweli.

Hapa Birmingham huwa natoa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo wagonjwa wa saratani huzihitaji sana. Unakaa kitini kama saa moja na nusu, mashine inachuja inachokitaka, kilichobaki inakurudishia. Kabla ya sindano muuguzi anakusugua mkono kwa dawa nusu dakika, anauacha ukauke, na hapo hakuna kugusa tena. Damu ya mwanzo haiingii kwenye mfuko wa mgonjwa. Inaelekezwa kwenye kijifuko cha pembeni, kwa sababu sindano ikipenya inaweza kukokota kijipande cha ngozi pamoja na bakteria wake.

Na ngozi hiyo, binamu, ni ya Mzungu na ya Mmakonde sawasawa. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 6, bakteria wengi wanazubaa. Chembe sahani ukiziweka huko, zikishaingia mwilini haziishi muda mrefu. Zinahifadhiwa nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa usiku na mchana, na joto hilo bakteria wanalipenda. Ndiyo maana huduma ya damu ya England ilianza mwaka 2011 kuzipima. Wanangoja siku moja na nusu hadi mbili ili wadudu wachache waliomo wazaliane, kisha sampuli inatiwa kwenye chupa mbili, moja yenye oksijeni na nyingine isiyo nayo. Bakteria wakiota wanatoa hewa ya kaboni dioksidi, na kitako cha chupa kinabadilika rangi. Pengine mfuko umeshafika hospitali; simu inapigwa, unarudishwa. Kwa kipimo hicho chembe zinaruhusiwa kutumika hadi siku 7 badala ya 5.

Sasa tuje nyumbani. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kusini kiko Mtwara kwetu, na damu inapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Vipimo hivyo vyote havimwoni bakteria wa ngozi. Hata hivyo, mkiniletea mashine ya Waingereza leo nitasema isubiri. Huku wanamudu kungoja siku mbili kwa sababu jana walikuja watu, juzi walikuja watu, wote bila malipo, wakaondoka na chai na biskuti. Kwetu tunawategemea mno wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, ndugu wanaombwa damu mlangoni mwa wodi, na mgonjwa anaihitaji usiku huohuo.

Nilimsindikiza mjomba kutoa damu likizo moja, hospitali siitaji. Ametoka shambani moja kwa moja, mikono ina madoa ya utomvu wa korosho hadi kwenye kiwiko. Pamba ya spiriti ikapita mara moja, kisha kidole kikarudi palepale kuutafuta mshipa. Kipimo cha kuotesha bakteria ni ghali. Sabuni na subira ya nusu dakika si ghali.

Umeme nao! Gesi ya Mnazi Bay inakwenda Dar kwa bomba, sisi tunakatikiwa. Kitikisio kikizima kwenye joto letu, utahifadhi nini?

Mimi ningeanza na gari la kuchangisha damu kwenye minada ya korosho, watu wazima wanapojaa na shule hazihusiki. Halafu mifuko yenye kile kijifuko cha pembeni iwe ya lazima kila wilaya. Na wodini, mgonjwa akianza kutetemeka au homa ikapanda ghafla, dripu ifungwe, daktari aitwe, na mfuko usitupwe kwenye taka. Uende maabara na mabaki yake, maana bila hivyo kila mtu atasema ni malaria.