Kufunga reli ya Nachingwea naelewa, kuing'oa hapana

Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, na pale kilipogongwa kila siku palikuwa peupe, panang'aa, kwingine kote kutu tupu. Hakuna mwalimu aliyetuambia chuma kile kilitoka wapi. Aliyeniambia ni bibi: "Hicho cha garimoshi, mume wangu. Lilikuwa linapita hapo chini, unalisikia kabla hujaliona."

Namkumbuka bibi kila nikisikia vijana wa Mtwara wakisema Kusini hatujawahi kuwa na reli. Tulikuwa nayo, na stesheni tulikuwa nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaanza mradi wa kulima karanga Tanganyika, wakilenga ekari zaidi ya milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Mtwara hapakuwa bado na gati, hivyo reli ikaanzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na kufikia 1949 treni zilikuwa zinatoka hapo kwenda Nachingwea kupitia Ruo. Mradi ukafa 1951. Ujenzi haukusimama: gati la Mtwara likafunguliwa 1954, reli ikafika huko, na baadaye pakachepuka njia ya kwenda Masasi. Yaani stesheni yetu ilingojea karanga ambazo zilishakufa shambani. Mizigo haikutosha, hasara ikazidi, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Kisha ikang'olewa.

Hapo kwenye kung'oa ndipo panaponiuma. Reli iliyofungwa inaota majani tu. Siku mzigo ukipatikana unafyeka, unabadilisha mataruma yaliyooza, treni inapita. Na mzigo ulipatikana! Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000, nyingi zikitoka huku kwetu. Miaka 11 au 12 tu baada ya kufunga. Korosho zile zilisafiri kwa malori kwenye barabara za vumbi, na masika yakishika, malori yanalala njiani. Daraja la Mkapa pale Rufiji tulilipata mwaka 2003. Miaka 41 bila reli na bila njia ya uhakika ya kwenda Dar es Salaam: atakayeniambia hesabu ya 1962 ilikuwa sahihi, anieleze na hiyo.

Sasa inazungumzwa reli mpya, Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Naiombea kwa moyo wote, maana malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanazitafuna barabara zetu kila siku. Lakini isiitwe reli ya kwanza ya Kusini. Na kabla hawajaweka jiwe la msingi, wahusika waweke kibao mahali ilipokuwa stesheni ya Mtwara, wakarekodi na sauti za wazee walioipanda. Waliokuwa na miaka 10 mwaka ule wa 1962 leo wamepita 70.

Bibi hayupo tena. Nilipopita shuleni mara ya mwisho, mwembe ulikuwepo na mnyororo ulikuwepo. Chuma kilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, watoto wanaitwa kwa filimbi.