Travis wa Taxi Driver ni stelingi, ila shujaa hapana

Kuna ubishi hauishi kwa wapenzi wa muvi za zamani, eti Travis Bickle wa Taxi Driver ni shujaa sababu alimuokoa yule binti. Mi nakataa, na ushahidi upo ndani ya muvi yenyewe, sema watu wanauruka tu.

Kwa ambao hamjaiona, ni ya 1976, dairekta Martin Scorsese, Robert De Niro ndo dereva teksi wa usiku hapo New York, jamaa katokea jeshini, usingizi hapati, mpweke mpaka unamuonea huruma. Anakutana na Iris, mtoto wa miaka 12 anayeuzwa na jamaa anaitwa Sport. Mwishoni anavamia danguro anapouzwa Iris, ana bastola, anaua watu watatu, magazeti yanamsifia, na baba wa binti anamuandikia barua ya shukrani. Hapo ndo watu wanapiga makofi.

Haya, rudisha nyuma masaa machache tu. Siku hiyohiyo Travis kanyoa kiduku, kajaza silaha mwilini, kaenda kwenye mkutano wa kampeni kumuua seneta Palantine anayegombea urais, anaingiza mkono kwenye koti walinzi wakamshtukia, akatoka nduki. Na kabla hajaenda huko alimuwekea Iris hela ya nauli kwenye bahasha na kikaratasi kwamba akisoma hayo yeye atakuwa keshakufa. Yani mpango wa kumsaidia binti ulikuwa ni nauli, bastola zilikuwa za seneta! Wale walinzi wangezubaa kidogo tu, leo tungekuwa tunamuita muuaji, na ni mtu yuleyule, risasi zilezile, hasira ileile, kilichobadilika ni nani kakaa mbele yake.

Tatizo letu tumekulia vibanda umiza, ukishajua stelingi ni nani basi akiua ishirini unashangilia, hata hujiulizi wale ishirini walikosa nini. Na Scorsese anajua hilo, anakukalisha ndani ya ile teksi karibu muvi nzima, unaona mji kwa macho ya Travis, taka taka tu kila kona, mpaka unaanza kukubaliana nae (mi mwenyewe kuna sehemu nilikuwa upande wake kabisa).

Utaniambia lakini Iris si alirudi nyumbani? Ni kweli, na wale waliomuuza siwalilii. Ila mwangalie wakati risasi zinalia, kajikunyata pale kwenye kochi analia na kumuomba Travis asimpige mzee anayekusanya hela za chumba pale danguroni, na jamaa anampiga risasi ya kichwa mbele ya mtoto. Halafu ile barua ni maneno ya baba, yeye ndo anasema binti anaendelea vizuri. Iris mwenyewe baada ya siku ile hatumuoni wala hatumsikii tena, kwahiyo huo ushujaa mnaousema mmeusikia kwa mzazi na kwa magazeti, aliyeokolewa hakuna aliyemuuliza.